Vidonda vya Tumbo

Taipei, 20 Februari 2001

Mdogo wangu A-Chin,

Salamu zangu zikufikie wewe, mumeo, na Baba kama atazipokea. Mimi ni mzima. Hekalu limenituma hospitali moja kubwa hapa mjini kujifunza kuwahudumia watu wanaokufa. Dawa si kazi yetu, madaktari wapo. Sisi tunakaa nao, tunawasikiliza, na wakitaka tunawaombea. Anatufundisha mtawa mzee, Mwalimu Tsung-hui, mwili kama kijiti na sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Nilidhani tutafundishwa sala. Kumbe tumeanza na kuosha nywele za mtu aliyelala kitandani bila maji kumwingia masikioni. Na kunyamaza. "Nyinyi mmezoea kuhubiri," anatuambia. "Mgonjwa hana miguu ya kuwakimbia. Basi msimwonee."

Jana niliingia chumba cha Mama Hung, muuza samaki wa Keelung. Saratani imekula mapafu yake. Aliponiona na kichwa changu kilichonyolewa akapiga kelele mpaka wauguzi wakaja: "Nani kamwita huyu kipara? Sijafa bado! Nenda kwa yule wa dirishani, yule ndiye wako!" Nikatoka. Mkwewe akanifuata nje, akaniinamia, akasema kwa adabu zote, "Bibi mtawa, tunakuomba usipite hapa. Tumemwambia ni nimonia."

Mwalimu alipopata habari alicheka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Sikujua kwamba nikivaa joho langu la kijivu, watu wanaona jeneza.

Simu yangu nimeikabidhi, ndiyo sheria ya mafunzo. Niandikie. Tumbaku mmemaliza kuvuna? Baba hajambo?

Dada yako,
Ju-yuan

*

Meinong, 2 Machi 2001

Dada Lan,

Jina lako la hekaluni halinikai mdomoni, nivumilie.

Sisi hatujambo. Tumbaku tumevuna, majani ya mwisho bado yamo bandani yanakauka. Baba hajambo, ana vidonda vya tumbo tu. Daktari wa Kaohsiung kampa dawa, kamkataza pombe na vitu vikali. Amepungua kidogo kwa kuwa hali vizuri. Anajikuna sana ngozi, nadhani ni majani ya tumbaku, na macho yamemgeuka rangi kidogo kwa moshi wa banda. Mzee akifika umri ule kila siku kuna kipya.

Nilimsomea barua yako. Unajua tangu ulipokata nywele hataji jina lako. Lakini nilipofika kwa yule muuza samaki alicheka, akasema, "Huyo mama ana akili." Kisha akaniambia nizime taa nimwache alale.

Usipige simu hata ukiruhusiwa. Simu iko sebuleni na Baba hatoki kwenye kiti chake, anasikia kila neno. Andika, na uandike kwa jina langu.

Mdogo wako,
A-Chin

*

Taipei, 9 Machi 2001

A-Chin,

Tangu nifike hapa nimeona macho ya manjano mengi. Hayatokani na moshi. Na kama ni vidonda tu, kwa nini nisipige simu?

Niambie kweli, mdogo wangu. Ni ini?

Dada yako

*

Meinong, 15 Machi 2001

Dada,

Ni ini. Uvimbe ni mkubwa, hawakati. Daktari alitutoa nje mimi na mume wangu akatuambia, kisha akauliza, "Mzee naye aambiwe?" Nikasema hapana kabla mume wangu hajafungua mdomo.

Usianze kunifundisha. Mama aliambiwa. Unakumbuka? Yule daktari kijana alimwambia waziwazi akiwa amekaa kitandani na sahani mkononi. Aliiweka sahani chini, akageukia ukuta, na hakula tena kwa mkono wake. Wewe ulikuwa tayari hekaluni. Mimi ndiye niliyekuwa namfungua meno kwa kijiko.

Baba anakula. Kidogo, lakini anakula, kwa sababu anajua atapona. Asubuhi anatembea mpaka kijumba cha Bogong, mungu wa ardhi, anacheza sataranji na Mzee Ku, anamwibia, wanagombana, anarudi ana furaha. Wewe unataka nimnyang'anye hilo?

Kwa hiyo usije. Nakuomba kama ninavyomwomba mungu. Miaka yote hii hujaja, leo ukitokea mlangoni na joho lile hata kuku watajua kuna mtu anakufa.

A-Chin

*

Taipei, 24 Machi 2001

Mdogo wangu,

Nimelia, na sasa nimetulia kiasi cha kushika kalamu.

Sikuwepo Mama alipokufa, na huna haja ya kunikumbusha. Lakini nisikilize. Hapa kila siku naona watu wanaodanganywa. Wanalala wakiangalia sura za watoto wao kama wasafiri wanaosoma bango la treni. Mwili wao unawaambia kitu, nyumba nzima inawaambia kingine. Mtu ana haki ya kujua njia anayopita. Huenda Baba ana neno la kusema, ana mtu wa kusamehe. Ukimfungia mlango wa kweli unamfungia na huo pia. Hofu unayoiona ni yako, A-Chin, si yake. Ikabili kwanza iliyo yako...

Nikamwonyesha Mwalimu barua hii kabla ya kuifunga. Alisoma mpaka hapo juu akanirudishia. "Imeandikwa vizuri," akasema. "Ingekuwa mimi ndiye mdogo wako, ningeichana."

Naituma hivyohivyo. Sijui kuandika nyingine.

Habari njema ni moja. Mama Hung kaniita mwenyewe. "Wewe kipara, njoo unioshe nywele, wale manesi wanavuta kama wanaparua samaki." Nilimwosha. Akaniuliza kama niliwahi kumpenda mwanaume. Nikamwambia mmoja, alikuwa na pikipiki. Akacheka akakohoa, akasema, "Pikipiki! Na mimi nilidhani ni huzuni iliyokupeleka utawani, kumbe ni petroli."

Dada yako

*

Meinong, 11 Aprili 2001

Lan, mwanangu,

Barua hii nimeiandikia dukani kwa Ku, yeye ndiye ataitia posta. Mkono hautulii, soma polepole.

Mimi najua. Mimi si mjinga. Kaka zangu wawili wamekufa kwa ini hilihili, niliwabeba mimi. Nilipoona mkojo wangu una rangi ya chai nilijua, kabla ya daktari.

Mdogo wako anasema ni vidonda vya tumbo. Anaamka kabla yangu, ananichujia uji, anasema, "Baba, leo sura yako nzuri," huku anacheka meno yote. Halafu anakwenda kufungua maji bafuni ili nisisikie. Nikimwambia najua, ataacha kucheka. Kitu gani kitamsimamisha? Mume wake ni mtu mwema lakini ni gogo.

Kwa hiyo mimi nina vidonda vya tumbo. Nakula ninachoweza mbele yake, nakwenda kutapika kwa Ku.

Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza, usimwambie. La pili, usije. Ukija na kichwa kile atajua kuwa nimekuita, na kama nimekuita basi najua.

Sikupenda ulichofanya. Nilikuwa na mabinti wawili, mmoja akanitoka akiwa hai. Lakini A-Chin alisoma barua yako, ile ya kuosha nywele. Mama yako hakuna aliyemwosha nywele mpaka alipokwisha kufa. Kazi hiyo ni kazi.

Ukijibu, tuma kwa Ku, duka la tambi. Usitume nyumbani.

Fan Teng-huo

*

Taipei, 16 Aprili 2001
(kwa mkono wa Mzee Ku)

Baba,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nimeisoma tena nimepiga magoti.

A-Chin anakuficha wewe, wewe unamficha A-Chin, na nyote mnakula meza moja. Baba, niruhusu nimwambie. Neno moja tu. Ataanguka, ndiyo, lakini ataanguka wewe ukiwepo wa kumwinua. Ukishaondoka atamwangukia nani?

Na niruhusu nije. Nitavaa kofia. Nitavaa suruali ya kazi kama mvuna tumbaku, nitaingia kwa mlango wa jikoni.

Maumivu yakoje? Usiyavumilie kwa heshima. Mwambie A-Chin tumbo linauma, akupeleke wakupe mofini. Vidonda navyo huuma, hatashangaa.

Binti yako,
Lan

*

Meinong, 21 Aprili 2001

Lan,

Hapana.

Mofini nimepata. Asante.

Baba yako

*

Taipei, 8 Mei 2001

A-Chin,

Hujanijibu tangu Machi na sikulaumu. Leo sihubiri. Nakueleza kilichotokea, kisha nakwambia jambo, kisha ufanye utakavyo.

Mama Hung amekufa Jumamosi mchana. Asubuhi yake alinishika mkono wa joho akaniuliza, "Kipara, mimi nakufa, sivyo?" Mkwewe alikuwa nyuma yangu, ananiangalia. Nimefundishwa la kufanya: humjibu, unamuuliza yeye anaonaje, unamwachia nafasi aseme. Nalijua kama jina langu. Lakini nilimwona mkwe yule, nikakuona wewe na kijiko chako, nikasema, "Mama, tuliza moyo, nimonia inachukua muda."

Aliniachia mkono. Akasema, "Hata wewe." Basi. Hakuniangalia tena, wala mkwewe, wala mtoto wake alipofika kutoka Keelung. Nilipoanza kumwombea kwa sauti ya chini aliziba sikio moja, lile lililokuwa juu. Akafa hivyo, kiganja sikioni.

Nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia sifai, nirudi hekaluni nikafagie. Akaniuliza, "Ulimdanganya kwa ajili ya nani?" Nikamweleza habari zenu zote, wewe na Baba. Ndipo akakaa chini, yule mama asiyekaa. Akasema, "Kwenye wodi hii wewe ni mtawa. Nyumbani kwenu wewe ni mtoto wa mtu, na hapo sina la kukufundisha."

Sasa nasema, na ninavunja neno nililopewa. Baba anajua, A-Chin. Alijua kabla yako. Anajifanya mzima kwa ajili yako. Anakula mbele yako halafu anakwenda kutapika kwa Mzee Ku. Aliniandikia mwenyewe.

Hakuna mtu wa kumlinda tena. Kaeni chini mzungumze. Nami niite, hata kesho, nitakuja.

Dada yako

*

Taipei, 29 Mei 2001

A-Chin,

Ulipata barua yangu? Sikuombi unijibu mengi. Andika tu "nimepata."

Dada

*

Taipei, 12 Juni 2001
(duka la tambi, Meinong)

Mzee Ku, shikamoo.

Nisamehe kwa kukusumbua tena. Barua yangu ya mwisho kwa Baba imerudishwa, imeandikwa kwa kalamu yako, nadhani, "Haji tena dukani." Je, hawezi kutembea? Je, nyumbani kwetu wanazungumza? Niambie lolote unaloona kutoka mlangoni kwako.

Fan Jui-lan, binti mkubwa

*

Meinong, 30 Julai 2001

Dada,

Mazishini nilikuona. Ulisimama nyuma na majirani, hukuja mbele kusimama na sisi, nami sikukuita. Shangazi aliniuliza, "Yule si A-Lan?" Nikasema sijui.

Nimekaa siku nyingi nikijiuliza kama nikuandikie. Naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Barua yako ya Mei niliipata. Niliisoma jikoni. Kwanza nilisema unadanganya, unataka nikuite. Halafu siku hiyohiyo Baba alisema anakwenda kwa Ku, nikamfuata nyuma taratibu. Niliwasikia. Baba anatapika kwenye ndoo ya maganda, Mzee Ku anampigapiga mgongo anamwambia, "Toa, toa, bwana mkubwa, hapa hakuna mtoto wako." Nikarudi nyumbani mbio ili anikute nimeshafika.

Alipoingia nikamwambia, "Baba, leo sura yako nzuri."

Umeona? Nilijua kuwa anajua, na nikasema vilevile. Kila siku nilijiambia leo. Kuna siku tulikuwa tunakata tangawizi, yeye kwenye kiti, kisu hakina nguvu mkononi, anakata vipande vinene kama vidole. Nikasema, "Baba." Akasema, "Mm?" Akanitazama. Dada, alikuwa anangoja, naapa. Au labda alikuwa anaogopa nitakachosema. Mpaka leo sijui ni lipi. Nikasema, "Vipande vikate vyembamba." Akasema, "Haya, haya, bosi." Tukaendelea.

Alikufa saa za chakula cha mchana. Damu ilitoka mdomoni, nyingi, kwenye meza, kwenye tambi. Mume wangu akaenda kuwasha gari. Baba alinishika kifundo cha mkono, meno yamejaa damu, akasema, "Vidonda, Chin. Vimepasuka. Vitapona." Nikasema, "Ndiyo, Baba, ni vidonda tu." Garini hakusema tena. Kabla hatujafika barabara kuu alikuwa ameshakwenda.

Neno lake la mwisho kwangu ni uongo, na langu kwake ni uongo.

Sasa nikuulize. Nilikwambia usije. Kwa nini ulinisikiliza? Mimi nilikuwa mtu mwenye hofu. Wewe ndiye uliyesomea watu wenye hofu. Hao wagonjwa wako wakikwambia toka, unatoka, halafu unarudi, unaosha nywele. Mimi nilikwambia mara moja tu.

A-Chin

*

Taipei, 6 Agosti 2001

A-Chin,

Nilikuja. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, Mzee Ku aliponiandikia kuwa Baba hatoki tena nje. Niliomba ruhusa, nikapanda treni mpaka Kaohsiung, na basi mpaka kwetu. Sikuvaa kofia. Nilisema nitaingia kwa mlango wa mbele, litakalokuwa na liwe.

Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kona ya banda letu la tumbaku. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Baba kwenye kiti, mdogo, tumbo limejaa maji kama amebeba mtungi. Ulikuwa umechuchumaa mbele yake na bakuli, unamlisha, unamwambia kitu, naye akacheka. Wewe nawe ukacheka. Nikasema moyoni, wanacheka, na mimi ndiye jeneza. Nikivuka barabara hii kicheko kile kitakoma.

Baba akainua macho. Alinitazama, au alitazama barabara. Aliinua mkono kidogo na kuushusha. Tangu siku hiyo nauangalia mkono ule. Alikuwa ananiita, alikuwa ananifukuza, au alikuwa anafukuza nzi? Nilirudi nyuma ya banda, kisha stendi, kisha Taipei. Kesho yake niliingia wodini, nikakaa na watu wa wengine.

Mafunzo yamekwisha. Wamenipa cheti na watanibakiza hapa. Mwalimu anasema nitafaa. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Kwa sababu sasa huwezi kumwambia mtu yeyote kuwa ni rahisi." Sikuipenda sababu hiyo.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba nilifika mpaka barabarani.

Lan

*

Meinong, 13 Agosti 2001

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Siku ile naikumbuka. Nilikuwa nimempa mgongo mlango. Nilikuwa namwambia jinsi mume wangu alivyopakia mbolea kwenye gari la mtu mwingine, ndiyo maana alicheka. Kisha akasema, "Chin, kuna mtawa barabarani." Nikageuka, sikuona mtu. Nikamwambia watakuwa wale wa kuomba sadaka, wanapitapita siku hizi, nusu yao ni matapeli. Akasema, "Tapeli au si tapeli, atakuwa na njaa. Mpelekee tambi." Nilipokuwa napakua akaita tena kutoka kitini, "Usitie mafuta ya nguruwe. Wala nyama. Watawa hawali."

Nilishangaa kidogo. Sikufikiri zaidi.

Nilitoka na bakuli. Barabara ilikuwa tupu. Nilikwenda mpaka karibu na banda, nikaita, "Bibi mtawa!" mara mbili tatu. Wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta, au ulikuwa umeshakwenda, sijui. Tambi nikawamwagia bata.

Niliporudi na bakuli tupu alikuwa bado anatazama mlango. Akaniuliza, "Amekula?"

Nikamwambia, "Amekula, Baba. Amemaliza yote."

Akasema, "Vizuri," akafumba macho, akalala mpaka jioni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kulala bila kujikuna.

Jumapili tunamfanyia sala ya siku ya arobaini na tisa. Tumekodi waimba sala wa Chishan, ni waongo na wanaimba puani. Njoo wewe uwe wa mbele. Njoo na joho lako. Fika mapema, ule kwanza.

A-Chin